Nyundo ya Thor na maji ya Kinjikitile: miungu wa kale wanapogeuzwa watu wa anga

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja wa Namtumbo alituma ujumbe akiuliza: yule Thor wa kwenye muvi, mwenye nyundo, ni mungu wa Wazungu wa zamani au ni mtu wa sayari nyingine? Kijana wake anasema ni mtu wa anga za juu. Yeye alisikia zamani, shuleni, kwamba ni mungu wa radi. Walibishana mpaka ugali ukapoa.

Hewani nilijibu kwa dakika mbili tu kwamba wote wawili wako sahihi, muda wa matangazo ukafika. Baada ya hapo zikaingia meseji nyingine, na moja ilinikalisha macho: kwa nini na sisi hadithi zetu hazifanywi hivyo? Kwa mfano Majimaji? Nimeona hili niliandike ili usome taratibu kwenye simu yako.

Tuanze na huyo mungu mwenyewe. Watu wa kaskazini ya Ulaya, kule Norway, Sweden, Denmark na Iceland, kabla ya kupokea Ukristo walikuwa na miungu yao. Mkubwa wao ni Odin, mwenye jicho moja. Thor ni mwanawe, mwenye radi na nyundo. Kuna na Loki, mjanja wa kuchonganisha, ambaye ukimwangalia vizuri utamwona Sungura wetu, ila Sungura aliyeota roho mbaya. Walisema dunia ziko tisa, na mti mmoja mkubwa ndio umezishikilia. Kutoka kwa wanadamu kwenda kwa miungu kuna daraja, nalo ni upinde wa mvua. Mwisho wa yote itakuja vita iitwayo Ragnarok, ambamo miungu wenyewe watakufa. Hadithi za namna hii, za miungu na chanzo cha dunia, ndizo walimu wa fasihi huziita visasili.

Nyundo nayo ina habari yake. Kisasili kinasema ilifuliwa na watu wafupi wanaoishi chini ya ardhi. Wakati mvukuto unapulizwa, Loki akajigeuza nzi akamng'ata mpuliza mvukuto kwenye kope, damu ikamwingia machoni, akasita kidogo. Ndiyo maana mpini wa nyundo ya Thor ukatoka mfupi. Mhunzi yeyote ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa, huyu mungu aligeukaje mtu wa anga? Wengi wanadhani ni kazi ya Wamarekani. Ni kweli kwamba mwaka 1962 kampuni ya Marvel ilimwingiza Thor kwenye vitabu vyake vya katuni, na mwaka 2011 ikatoka filamu. Humo daraja la upinde wa mvua limekuwa mtambo unaofungua njia ya kukatisha kati ya nyota na nyota. Nyundo imefuliwa ndani ya nyota inayokufa. Thor mwenyewe anamweleza mwanasayansi wa kike kwamba kile ambacho wazee wa dunia hii walikiita uchawi, na kile ambacho yeye anakiita sayansi, kwao huko ni kitu kimoja. Mwandishi Arthur C. Clarke wa Uingereza alikwishasema jambo linalofanana na hilo: ufundi ukikua sana, mgeni hawezi kuutofautisha na uchawi.

Lakini mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 1220 hivi, kule Iceland, bwana mmoja aitwaye Snorri Sturluson alikusanya visasili hivyo akaviandika kitabuni. Nchi yake ilikuwa ya Kikristo kwa zaidi ya miaka 200, kwa hiyo asingeweza kuandika kwamba Odin na Thor ni miungu ya kweli. Akafanyaje? Akasema walikuwa binadamu, watu wa mji wa Troy upande wa Asia, waliohamia kaskazini na ujuzi mkubwa kiasi kwamba wenyeji waliwadhania miungu. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya wakati wake. Snorri alitumia Troy, Marvel wakatumia sayari ya mbali. Ukiniuliza mimi, huyo wa Iceland ndiye fundi zaidi, maana hakuwa na kompyuta.

Hapo ndipo palipo siri ya kazi hii. Kisasili kinapogeuzwa hadithi ya kisayansi, swali hubadilika. Zamani msikilizaji aliulizwa, unaamini? Sasa anaulizwa, kinafanyaje kazi? Mtu asiyeamini chochote anaweza kukaa akasikiliza, kwa sababu hakuna anayemtaka asali. Anatakiwa tu akubali kwamba kuna mtambo.

Na sisi huku hatukuwa watazamaji wa bure. Mimi nimekulia Lizaboni, na elimu yangu ya kwanza ya utangazaji, kabla ya cheti, niliipata kwenye kibanda umiza. Tulilipa kiingilio, tukabanana kwenye mabenchi, tukamsikiliza Lufufu, yule mtafsiri wa Dar es Salaam ambaye sauti yake ilikuwa maarufu kuliko ya mwigizaji mwenyewe. Hakutafsiri neno kwa neno. Aliisimulia upya, akiongeza yake, na sisi tukaondoka tumeshiba. Walikuja wengine baada yake. Niliitazama Thor kwenye CD iliyotafsiriwa na kijana ambaye jina lake silikumbuki, na ilipofika sehemu ya lile daraja hakuhangaika na maneno ya kisomi. Alisema hawa jamaa wana ungo wa umeme. Kibanda kizima kikaelewa. Sisi sote tumelelewa na habari za watu wanaosafiri usiku kwa ungo, wakatoka hapa wakafika mbali na kurudi kabla ya jogoo. Kwa hiyo Thor alianza kama mungu, Wamarekani wakamfanya mtu wa anga, na yule kijana akamrudisha tena kijijini.

Wapo Waafrika Mashariki walioandika hadithi za aina hii tangu mwanzo. Mkenya Katama Mkangi alichapisha riwaya yake ya Kiswahili, Walenisi, mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha kumwangamiza, na chombo kinamfikisha sayari nyingine yenye jamii iliyo bora kuliko alikotoka. Jina la sayari ukilitamka polepole unapata "wale ni sisi". Mwaka 2009 Mkenya mwingine, Wanuri Kahiu, alitengeneza filamu fupi ya dakika kama 20 iitwayo Pumzi. Ndani yake vita vya kugombania maji vimekwisha, juu ya ardhi hakuna kinachoota, na watu wanaishi ndani ya jengo wakisafisha jasho na mkojo wao ili wapate maji ya kunywa. Binti mmoja, Asha, anapata udongo wenye unyevu na anatoka na mbegu kutafuta mti.

Basi turudi nyumbani, kwa yule aliyeuliza kuhusu Majimaji.

Vitu vya kutengenezea hadithi hiyo vipo, tena vingi. Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walieleza kwamba Kinjikitile Ngwale, kule Ngarambe, alichukuliwa na mzimu uitwao Hongo. Alijivuta kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi, akazama. Ndugu zake wakamtafuta wasimpate. Kesho yake akatoka majini, na nguo zake zilikuwa kavu. Soma tena hapo: nguo kavu. Mtengeneza filamu yeyote wa Marekani angeona papo hapo mlango wa kwenda ulimwengu mwingine. Halafu yakaja maji yenyewe, dawa ya kugeuza risasi ya Mjerumani iwe maji. Kwa mwandishi wa hadithi za kisayansi hiyo ni ngao isiyoonekana, na kazi yake imekwisha nusu.

Lakini hapa mimi nasita.

Thor hakuwahi kusimama mbele ya bombomu. Watu waliomwamini wamekufa muda mrefu, na hakuna mjukuu anayekwenda Norway kulilia kaburi la mtu aliyekufa kwa kuamini nyundo. Maji yetu yalijaribiwa. Vita vilianza Julai 1905 huko Matumbi, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Agosti 4, vita vikiwa bado vichanga. Tarehe 30 mwezi huo maelfu waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Ungoni maji yaliletwa na mjumbe aliyeitwa Kinjala, na Wangoni wakaingia vitani Septemba. Februari 27, 1906, hapa Songea, watu zaidi ya 60 walinyongwa. Wamo Nkosi Mputa Gama na manduna wake. Mkomanile, kiongozi mwanamke, naye alinyongwa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umechukua jina lake, naye aliishia kwenye kitanzi. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya waliokufa katika vita na njaa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Sasa kaa kwenye kiti cha mwandishi. Ukiamua kwamba maji ni mtambo na unafanya kazi, Wangoni wanashinda, watazamaji wanapiga makofi. Lakini wale waliolala kwenye kaburi la pamoja pale Makumbusho ya Majimaji watakuwa ni akina nani? Umewafuta. Ukiamua kwamba maji hayakufanya kazi, umerudia maneno ya mkoloni aliyeandika kwamba walikuwa washirikina waliodanganywa. Ebrahim Hussein aliuona mtego huo mapema. Katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alimfanya mtu huyo aanze kuwa na shaka na maji yake mwenyewe, na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, akatae kutamka kwamba yalikuwa uongo, kwa sababu ya vizazi vitakavyosikia. Hakuna mtambo humo. Kuna mtu na neno lililomtoka likawa kubwa kuliko yeye.

Mimi nadhani njia ya tatu ipo, nayo inatokana na swali lile lile la kinafanyaje kazi, ila liulizwe mahali pake. Acha risasi. Uliza maji yalisafirije. Kutoka bonde la Rufiji hadi Ungoni ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na watu waliokuwa katikati walikuwa na lugha zao, mizimu yao na ugomvi wao. Hapakuwa na simu wala redio. Habari ilipita kwa kunong'onezana, mjumbe akibeba chupa, na serikali yenye simu za waya na askari ikashtukizwa. Huo ni mtambo halisi, na ulifanya kazi. Mwandishi atakayeuchora vizuri hatahitaji kumdanganya mtu.

Na hadithi za wazee zinaweza kubeba sayansi bila kulazimishwa. Wangoni husimulia kwamba mababu walipovuka mto Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba, jua liligeuka giza mchana. Wataalamu wa nyota walipiga hesabu za kupatwa kwa jua wakaipata siku: Novemba 1835. Simulizi iliyopita mdomo kwa mdomo ndiyo iliyowapa wanahistoria tarehe.

Niliwahi kumweleza mzee mmoja, siku ya kumbukumbu ya Februari 27 pale makumbusho, wazo la filamu ambamo maji yanafanya kazi. Alisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza kama katika filamu hiyo kichwa cha Nduna kitakuwa kimerudi. Sikuwa na jibu. Ukoo wa Mbano unaamini kichwa cha babu yao kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na umekuwa ukikidai. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akakutana na ukoo, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu wa Namtumbo, mwambie kijana wako kwamba Thor ni vyote viwili na ugomvi uishe. Yule wa Majimaji nimemjibu nusu tu. Jumamosi saa mbili usiku tutaendelea na mada hii, na safari hii ningependa kusikia simulizi ya maji kama ilivyosimuliwa nyumbani kwenu, hasa huko Kitanda, Namabengo na Maposeni. Tuma ujumbe, taja kijiji chako, na useme ulisimuliwa na nani: babu, bibi, au mwalimu. Kama mna namna ya kumweka bibi mwenyewe kwenye simu, hiyo itakuwa nzuri zaidi.