SOMO LA SABA: IULIZE KOMPYUTA KABLA YA KUIAMURU

Juma lililopita tulijifunza kufungua terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri. Leo tutajifunza kuiuliza kompyuta ina nini ndani yake. Wekeni daftari na kalamu tayari.

Kwa nini tuulize? Tuseme wewe ni karani wa chama cha ushirika. Hesabu zote za wanachama zimo katika diski ya kompyuta ya ofisi. Umechomeka fleshi ya zamani, nawe wataka kuifuta upate kuitumia tena. Ziko amri za kufuta ambazo haziulizi, "Je, una hakika?" Ukikosea herufi moja tu ya jina, fleshi itabaki salama, na hesabu za chama zitapotea. Basi, yafaa kujua jina la kila diski kabla ya kuigusa.

Kompyuta tunayoizungumzia hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Mfumo huo unafuata mfano wa Unix, ulioanza Marekani mwaka 1969. Katika Linux kila diski ina jina lake, nalo hukaa katika folda iitwayo /dev. Mara nyingi diski ya kwanza huitwa sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Diski za aina ya NVMe zina majina kama nvme0n1. Ukiona sda1, hiyo ni sehemu ya kwanza ya diski sda.

Sasa andika amri hii, kisha bonyeza Enter:

lsblk -d -o NAME,SIZE,TRAN,MODEL,SERIAL

Usiogope. Amri hii husoma tu, haibadili kitu. Utaona safu tano: jina la diski, ukubwa wake, njia iliyounganishwa, aina yake, na namba yake ya kiwandani. Katika safu ya tatu, neno usb huonyesha kifaa cha kuchomeka, kama fleshi. Neno sata au nvme kwa kawaida huonyesha diski iliyo ndani ya kompyuta.

Huenda diski iliyoandikwa gigabaiti 500 ikaonekana 465.8G. Hujapunjwa. Kiwanda huhesabu kwa 1000, na amri hii huhesabu kwa 1024. Mchele ni ule ule, pishi ndizo mbili.

Bado una shaka? Andika lsblk kabla ya kuchomeka fleshi. Ichomeke, kisha andika tena. Jina lililoongezeka ndilo la fleshi.

Lakini angalia sana: majina hayo yaweza kubadilika kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Iliyokuwa sdb jana yaweza kuwa sdc leo. Namba ya kiwandani haibadiliki. Iandike katika daftari lako, nawe uitazame kila mara kabla ya kufuta.

Ziko amri nyingine za kuuliza. Andika lscpu upate habari za prosesa. Andika free -h uone kumbukumbu ya kufanyia kazi iliyobaki. Andika df -h uone nafasi iliyobaki katika diski. Na kama programu ya smartctl imewekwa, andika sudo smartctl -H /dev/sda uulize afya ya diski. Jibu PASSED ni habari njema, lakini si ahadi. Diski nzima leo yaweza kuharibika kesho. Kwa hiyo weka nakala ya hesabu mahali pengine.

MASWALI
1. Kwa nini haitoshi kukumbuka jina sdb?
2. Ni safu gani itakayokuonyesha fleshi?
3. Orodhesha diski za kompyuta ya darasa, pamoja na namba zake za kiwandani.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.