Duka Chini, Makao Juu

Familia zenye jamaa nchini Uingereza yafaa zifahamu jambo hili. Mtu auzapo jengo lenye duka chini na makao yake juu, faida hugawanywa. Faida ya makao aliyoishi tangu anunue haitozwi kodi. Ya duka hutozwa. Tangu 30 Oktoba 2024 kiwango ni asilimia 18 au 24, kwa kadiri ya mapato yake.

Ubishi huzuka juu ya vyumba vya nyuma. Chumba kilichotumika kwa biashara pekee huhesabiwa pamoja na duka. Lakini kile ambamo mchana huandikwa hesabu za duka, na jioni watoto husoma, hubaki makao. Kumbe meza ya watoto nayo ina thamani yake!

Stakabadhi za kuongeza chumba hupunguza faida. Za kupaka rangi hazipunguzi.