Gari la bei chee mtandaoni: kabla hujatuma 'kishika uchumba'

Kirikuu jeupe, picha sita, bei iko chini ya ile ya sokoni kwa milioni mbili na ushee. Maelezo ni mafupi: mwenyewe amepata uhamisho, anauza haraka, gari lipo Dar es Salaam. Kwa familia inayolima kabichi Nyandira au ndizi kule Kinole, na ambayo faida yake huliwa na gari la kukodi la kushusha mzigo Morogoro mjini, hiyo ni dua iliyojibiwa.

Baba anapiga simu. Anaitwa "bosi", anaambiwa kuna wateja wengine wawili njiani, hivyo atume laki tatu tu za kishika uchumba. Anatuma. Jioni namba haipatikani.

Tapeli anamjua mnunuzi wa milimani. Kutoka Uluguru hadi mjini, kisha Dar, ni gharama na siku nzima inapotea; laki tatu zinatumwa ili kukwepa usumbufu huo. Hesabu hiyo si sahihi. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa Sh13,000. Ongeza bodaboda, chakula, hata nauli ya fundi wako, bado hujafika laki tatu. Asiyeweza kusafiri amtume ndugu aliyeko Kimara au Mbagala. Muuzaji wa kweli atampokea. Tapeli ataanza hadithi: gari limeingia gereji, ufunguo anao shemeji.

Kabla ya safari, omba simu ya video, muuzaji azunguke gari mpaka kwenye namba ya usajili. Picha za matangazo huibwa kirahisi. Ukishapata namba, ingiza kwenye TIRA MIS uone kama bima ipo, na kwenye mfumo wa Polisi wa TMS uone kama gari lina deni la faini. Anayeficha namba mpaka utume hela, achana naye.

Upo utapeli mwingine, mbaya zaidi, ambao hata kuliona gari hakuuzuii. Dalali wa uongo huchukua picha za gari linalouzwa kihalali. Kwa mwenye gari anasema, "Shemeji yangu anakuja kuliangalia, usimtajie bei, mimi ndiye nalipa." Kwa mnunuzi anasema, "Utakayemkuta ni mdogo wangu, mambo ya bei tumalizane mimi na wewe." Gari ni zima, fundi anaridhika, mamilioni yanakwenda kwa dalali. Waaminifu wawili wanabaki uani wakigombana, mmoja akisema amelipa na mwingine akisema hajalipwa.

Hapo kinachosaidia ni kumuuliza mwenye ufunguo, ana kwa ana: gari ni lako? Unaliuza bei gani? Jina la kwenye kadi halisi, la kitambulisho na la akaunti inayopokea pesa yafanane. Simu huonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, lisome. Namba ya chesesi ilinganishwe na kadi, mkataba uandikwe kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA muuzaji akiwepo.

Wanaoagiza Japani waangalie kama kampuni imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika, na wasitume pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi.

Pesa hizi mara nyingi ni za kikoba au ada ya mtoto, na huenda zimetumwa kimyakimya ili mama ashtukie gari mlangoni. Zikipotea, kimya kinaendelea: usingizi unakata, presha inapanda, na tapeli anapata muda wa kuzitoa kwa wakala. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo ukiwa na namba ya muamala, kisha nenda polisi na ujumbe wote bila kuufuta. Namba ya tapeli itume TCRA kwa meseji kwenda 15040.