Mfupa Usiofanya Kazi Hudhoofika

Mkulima akiutazama mfupa uliotupwa jalalani, mkavu na mgumu kama jiwe, hudhani kwamba hata ulipokuwa ndani ya mnyama ulikuwa vivyo hivyo. Sivyo. Mfupa wa mnyama aliye hai nao u hai. Hupitiwa na damu, na kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Jambo hili yafaa lijulikane na kila mwenye ndama, kuku, au mzazi mzee nyumbani kwake.

WAFANYAKAZI WA MFUPA

Ndani ya mfupa mna chembe hai ndogo sana za namna tatu. Za kwanza ni wajenzi, ambao huweka mfupa mpya. Za pili ni wabomoaji, ambao huondoa mfupa uliochakaa. Za tatu ndizo nyingi kuliko zote, kama tisa katika kila kumi, nazo tunaweza kuziita wanyapara. Hizi zimezungukwa na mfupa pande zote, lakini hunyosheana mikono myembamba katika vijifereji vyenye maji.

Mnyama akikimbia au akiruka, mfupa hupinda kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Maji yale husukumwa vijiferejini, na wanyapara hutambua. Ndipo wanapowapelekea wajenzi habari kwamba mahali hapo pana mzigo, waongeze nguvu. Mzigo usipokuwapo, wanyapara huwazuia wajenzi, na wabomoaji huendelea na kazi yao.

Daktari Mjerumani, Julius Wolff, aliandika kitabu mwaka 1892 akieleza kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Siku hizi twaona ushahidi kwa wanaanga: huko juu miili yao haiwalemei, na mifupa yao ya nyonga hupungua kama asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi.

NDAMA WAKO

Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walitoa habari za jaribio la ndama waliofugwa ndani. Baadhi hawakukimbizwa; wengine walikimbizwa mita 71 tu kwa siku moja katika juma, kwa majuma 6. Ilihitajika nguvu zaidi, kwa asilimia 20 au kupita, ili kuvunja mfupa wa mguu wa ndama aliyekimbia.

Basi, ewe mkulima unayefuga ng'ombe zizini, usimfunge ndama kwa kamba mchana kutwa. Mtengee ua mdogo wenye sakafu isiyoteleza, umwachie arukeruke. Kusimama tu hakutoshi. Ni mwendo unaoamsha mfupa.

KUKU WA MAYAI

Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalisi, na sehemu yake hutoka katika mifupa ya kuku. Kuku akiwekwa katika kizimba asikoweza kutembea wala kupiga mabawa, mifupa yake huwa dhaifu, na huweza kuvunjika akikamatwa. Mpe nafasi na fito za kulalia. Lakini fito zisiwe juu mno, maana kuku akianguka huvunja mfupa wa kifua.

Hata hivyo, fundi bila matofali hajengi. Wanyama wapewe chakula chenye madini, na wapate jua. Muulize Bwana Mifugo wako kipimo kinachofaa.

NA MZEE WA NYUMBANI

Mara nyingi mzee akiugua, jamaa humwacha kitandani kwa huruma, kila kitu apelekewe alipo. Siku zikipita, mifupa na misuli yake hupungua, na siku atakayoinuka huanguka na kuvunjika. Ikiwa amevunjika mguu, fuateni amri ya daktari. Lakini daktari akisema ainuke, mshikeni mkono atembee, hata kama ni hatua chache hadi mlangoni, na kesho yake aongeze. Huruma ya kweli ni hiyo.