Je, Wajua? Ziwa, Sindano na Ganzi

Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno moja, ziwa, kwa maji yanayoilisha Kisumu na kwa titi linalomlisha mtoto?

Je, wajua kwamba baiopsi nyingi za titi, yaani kuchukua vipande vya uvimbe vikapimwe, hazihitaji nusukaputi? Jina lenyewe linatisha, maana kaputi ni kufa, na mama akilisikia huahirisha safari ya hospitali mwezi baada ya mwezi. Kumbe hudungwa ganzi tu: lignokeini kidogo kwa sindano nyembamba, halafu sindano nene inachomoa vipande vidogo vya uvimbe. Unabaki macho, unaongea na daktari.

Je, wajua kwamba lignokeini huchoma inapoingia kwa sababu ina asidi? Madaktari wengine huichanganya na bikaboneti ya sodiamu kupunguza ukali huo. Baada ya dakika chache maumivu hukatika, ila kusukumwa utakusikia. Na mlio wa "ta!" utakaousikia ni springi ya kifaa cha ile sindano nene. Ni heri uambiwe mapema usije ukashtuka.

Je, wajua kwamba mwaka 1804 huko Japani, daktari Hanaoka Seishu alimlaza mgonjwa kwa dawa ya mitishamba akamtoa saratani ya titi? Dawa ya usingizi ya etha huko Boston ilikuja miaka 42 baadaye.



Je, wajua kwamba uvimbe ukitolewa mzima katika chumba cha upasuaji, huenda wewe ukalazwa usingizi? Hapo chakula husimamishwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2. Ukiwa ulikunywa uji asubuhi, sema, tafadhali, kwani uji huo unaweza kupanda na kuingia mapafuni. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kwa ganzi peke yake, kwa kawaida unakula kama siku zote na kupanda matatu ya Ahero siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba aspirini na warfarini huongeza utokaji wa damu? Mtajie daktari kila dawa unayotumia, lakini usiiache bila yeye kukuambia.

Muuza omena wa soko la Kibuye naye asibebe beseni zito siku moja au mbili baada ya baiopsi. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha: lignokeini inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno.

Na ganzi isipotosha, mwambie, "Daktari, bado nasikia uchungu." Ataongeza.