Usingizi wa mtoto hauuzwi duka la dawa

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanaanzia katika chumba kimoja cha kupanga hapa mjini, saa nane ya usiku. Mtoto wa miezi miwili analia kwa mara ya tatu tangu watu walale. Baba anatakiwa kuwa kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri. Mpangaji wa chumba cha pili amekwisha kugonga ukuta. Mama amechoka kiasi kwamba hajui kama ananyonyesha au anasinzia. Asubuhi jirani mmoja anamwonea huruma, anamvuta pembeni na kumnong'oneza: "Mwenzangu, utakufa na usingizi. Mpe kijiko kimoja cha dawa ya mafua, atalala mpaka asubuhi."

Kijiko hicho ndicho ninachotaka tukizungumzie leo.

Jirani huyo hana nia mbaya hata kidogo. Tena hasemi uongo, kwa sababu dawa nyingi za maji za mafua na mzio huleta usingizi, na mtoto akipewa atalala kweli. Na hapo ndipo penye hatari. Lakini ili tuione hatari hiyo, yafaa kwanza tujiulize: mtoto mchanga huamkaamka kwa nini?

Sababu ya kwanza ni tumbo. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama huyeyushwa upesi. Katika wiki za mwanzo mtoto huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na njaa haisubiri kukuche.

Sababu ya pili ni kwamba hajaijua saa. Mtoto mchanga hulala jumla ya saa 14 hadi 17 katika saa 24, lakini hulala kwa vipande vya saa mbili, tatu au nne. Kwake yeye mchana na usiku ni kitu kimoja. Saa ya mwili, ile inayotufanya sisi tusinzie giza likiingia, huanza kujipanga anapofikia miezi miwili au mitatu.

Sababu ya tatu ni usingizi wenyewe. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni mwepesi: anacheza mikono, anaguna, anatabasamu. Kila baada ya muda usiozidi saa moja hivi hukaribia kuamka. Wepesi huo si ugonjwa, ndugu msikilizaji. Ni mlinzi wake. Kanga ikimfunika pua au joto likizidi, mtoto hushtuka, hugeuza kichwa na kulia. Aliyelazwa kwa dawa huenda asishtuke.

Jambo hili wenzetu walilijua kwa gharama kubwa. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1849, iliuzwa dawa ya maji ya kutuliza watoto wanaoota meno, iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Akina mama waliisifu kwa sababu watoto walinyamaza. Kumbe ndani yake mlikuwa na mofini, dawa ya maumivu inayotokana na afyuni. Wapo walionyamaza moja kwa moja, na mwaka 1911 chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliiweka miongoni mwa dawa zinazoua watoto. Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2004 serikali ya nchi hiyo hiyo iliagiza promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, iwekewe onyo kali kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa yaweza kuzuia pumzi hata akafa.

Basi tufanye nini? Tukeshe tu? La hasha. Yapo ya kufanya, na hayahitaji senti.

Kwanza, mfundishe mtoto tofauti ya usiku na mchana. Asubuhi fungua madirisha, mtoe nje kwenye mwanga, zungumza naye, na usiwanyamazishe watu wa nyumbani kwa sababu amelala. Usiku fanya kinyume chake. Mnyonyeshe gizani au kwa mwanga hafifu, usimchezeshe, wala usiwashe televisheni. Maziwa ya mama yanayotoka usiku yana homoni ya usingizi iitwayo melatonini, nayo huenda yakamsaidia.

Pili, weka utaratibu usiobadilika. Kila jioni saa ile ile aogeshwe, anyonye ashibe, abembelezwe, alazwe. Mlaze anapoanza kusinzia, kabla hajazama kabisa, ili azoee kuumalizia usingizi wake mwenyewe.

Tatu, usimrukie kwa kila mguno. Subiri dakika moja au mbili. Mara nyingi anaguna akiwa bado usingizini, na wewe ndiwe unayemwamsha. Lakini akilia kweli, mchukue. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wapo wanaoitumia methali hiyo kumwacha mtoto wa mwezi mmoja alie mpaka akauke. Mtoto wa umri huo hadeki. Hana namna nyingine ya kusema kwamba ana njaa.

Nne, mlaze chali, mahali pagumu kiasi, pasipo na mto wala mablanketi mazito, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Uingereza ilipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Na katika joto letu la pwani, nguo moja nyepesi yatosha. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu yeyote.

Wengine watauliza habari ya uji mzito wa jioni. Kabla ya miezi sita, jibu ni hapana. Uji hushika nafasi ya maziwa, na maji au chombo kisicho safi huleta kuhara. Akiharisha, hatalala yeye wala wewe.

Ukifuata haya, usitarajie muujiza wa usiku mmoja. Watoto wengi wakifikia miezi mitatu huweza kulala saa nne au tano mfululizo, na baadaye zaidi. Wapo wanaoamka hata wakiwa na mwaka, nao ni wazima kabisa.

Ila kuna usingizi usio mzuri. Mtoto mchanga anayelala mno, anayeamshwa akakataa kunyonya, aliyelegea, mwenye homa au anayepumua kwa shida, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo. Na anayelia bila kutulizika, au asiyeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, naye aonwe na mganga.

Neno langu la mwisho ni kwa akina baba. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, mama mwajiriwa hapa Tanzania hupata likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Maana yake anarudi kazini mtoto akiwa ndiyo kwanza anaanza kuijua saa. Mama huyo hawezi kukesha peke yake mpaka alfajiri na bado afike ofisini. Baba asiyeweza kunyonyesha anaweza kubadilisha nepi, kumbeba mtoto akicheua, kumbembeleza mpaka alale, na kumwachia mkewe saa tatu za usingizi usiokatizwa. Mara nyingi kijiko kile cha dawa hunyoshwa na mkono uliochoka, uliokosa wa kuupokea.

Tukirudi kwenye ile methali, wiki hii naomba tuielewe hivi: anayeogopa kilio cha usiku mmoja hata akakizima kwa dawa, huenda akalia yeye, tena kilio kisichobembelezwa. Mtoto anayelia saa nane ya usiku anakuchosha, ni kweli. Lakini yu hai, na anakuita.