Fahamu: Figo ya Kupandikizwa na Kifua Kikuu

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, Novemba 2017, mgonjwa wa Mbinga au Mbamba Bay, ambaye zamani angalilazimika kusafiri hadi India, aweza kutibiwa nchini Tanzania akarejea kwao na vidonge vya asubuhi na jioni, takrolimasi miongoni mwavyo, vinavyodhoofisha kinga ili mwili usiikatae figo ngeni. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo bawabu anayevizuia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, pengine miaka mingi. Bawabu akilegea, vijidudu huamka, wakati mwingine pasipo kikohozi, ila homa za jioni na kukonda. Hapo dhiki huzidi, kwani rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hulihimiza ini kuivunja takrolimasi upesi, hata figo ikawa hatarini: ndipo daktari hulazimika kupima kiwango cha takrolimasi damuni mara kwa mara.